Barabara ya Diani na Mlango wa Mapokezi

Anayetoka Mombasa kwenda Diani siku hizi ana njia mbili. Iko njia ya Dongo Kundu, mpya na pana, inayovuka maji ya Mwache na Mteza kwa madaraja marefu na kumfikisha msafiri pwani ya kusini bila kukigusa kivuko. Na iko njia ya feri ya Likoni, tuliyoirithi kwa wazee wetu pamoja na jua lake na msongamano wake. Sisi tulikuwa akina mama sita wa mtaa mmoja, na tulichagua feri, kwani aendaye kwa miguu hatozwi kitu, na kwa kuwa baadhi yetu huamini kwamba safari ya kusini isiyoanza na upepo wa kivuko haijatimia.

Hatukwenda kuogelea. Watatu kati yetu wana mabinti waliosomea kazi za hoteli. Vyeti wanavyo, na kwa muda mrefu sasa wamekuwa wakirudi kutoka kwenye mahojiano na jibu moja: tutakupigia simu. Mmoja wao aliongezewa neno, kwamba muonekano wake haufai kwa mapokezi. Neno hilo, muonekano, ndilo lililotutoa majumbani kwetu. Tulitaka kuuona kwa macho yetu huo mlango ambao watoto wetu hawaingii, na tuwaone wanaoingia.

Kutoka Likoni matatu hupita Ng'ombeni, Waa na Tiwi. Ni nchi ya minazi, mikorosho na mibuyu, na kina mama wenye vibanda vya madafu kando ya lami. Ukunda ni mji wa kelele: pikipiki, maduka ya simu, misikiti, wauza viazi vya karai. Hapo hukata kushoto kuelekea baharini, na katika mwendo wa dakika chache tu mambo hubadilika. Kelele hukatika. Miti huwa mikubwa, mbega wenye mikia mirefu huvuka juu ya barabara kwa ngazi za kamba walizotengenezewa, na kuta ndefu huanza, kila ukuta na geti lake, kila geti na mlinzi wake. Barabara hugawika mkono wa kushoto na wa kulia, ikienda sambamba na bahari, lakini bahari yenyewe huioni. Wadigo wa vijiji vya nyuma, ambao babu zao walivua katika maji hayo, nao huiona kupitia vichochoro vilivyoachwa kati ya kuta.

Tulilipia chai katika hoteli mbili, na ya tatu tulikaribishwa na jamaa anayefanya kazi humo. Hatutazitaja, kwani tuliyoyaona hayakuwa ya hoteli moja.

Jambo la kwanza tuliloliona lilitufurahisha. Paa ni la makuti yaliyoshonwa kwa ustadi. Mlango mkubwa ni wa nakshi za Lamu. Mito ya viti imeshonewa leso, na mmoja wetu alisimama akayasoma majina yote ya leso hizo kwa sauti, akicheka. Vyumba vya mikutano vina majina ya Kiswahili. Kahawa hutiwa kutoka katika birika la shaba. Aliyetufungulia mlango alikuwa kijana mrefu, amevaa kanzu nyeupe na kofia ya vito, na akatuambia "Jambo!" kwa furaha kubwa. Tulimjibu "Sijambo," naye akashangaa kidogo, kwani hakuzoea kujibiwa.

(Tuseme hapa kwamba hakuna mtu wa pwani anayemwamkia mwenzake kwa neno hilo likiwa pekee. Sisi husema hujambo, hamjambo, na tukiwa Lamu, sabalkheri. Kiswahili cha mapokezi kimekuwa lahaja ya peke yake, kinachosemwa na wasio Waswahili kwa wasio Waswahili.)

Kisha tukatazama meza ya mapokezi yenyewe. Walikuwapo mabinti watatu na kijana mmoja, wote wazuri, wote wenye heshima, wamevaa sketi za magotini na koti za kukaza, nywele zao zimevutwa nyuma. Hatuna ugomvi nao. Ni watoto wa watu, na kazi yao waliifanya vizuri. Lakini tulipouliza kwa upole nyumbani kwao ni wapi, hakuna hata mmoja aliyetoka upande huu wa Mto Sabaki. Katika hoteli tatu hatukuona mtandio hata mmoja mbele. Tuliuona nyuma. Yule jamaa yetu alipotupitisha kwa mlango wa wafanyakazi, tuliwakuta mabinti wa Ukunda, Gombato na Kinondo katika chumba cha kufulia, katika usafi wa vyumba, katika jiko la mikate. Mmoja alikuwa akipiga pasi kanzu ya kijana wa mlangoni.

Hiyo kanzu ina historia yake. Hoteli kubwa za Kenya zilipoanza, kama Norfolk ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1904, Mwafrika hakupokewa kama mgeni. Aliingia akiwa mtumishi, na mtumishi alivishwa kanzu ndefu nyeupe, mshipi na tarbushi nyekundu. Vazi ambalo huku kwetu lilikuwa la Ijumaa, la Idi na la bwana harusi, liligeuzwa kuwa sare ya kubebea sahani. Ukoloni uliondoka, tarbushi ikaondoka nao, ila kanuni ilibaki: vazi letu linakubalika likiwa pambo. Kijana yule yule akija kuomba kazi ya mhasibu akiwa amevaa kanzu yake mwenyewe, huenda mlinzi akamzuia getini.

Na hina je? Karibu na bwawa la kuogelea, katika hoteli ya pili, alikuwapo mama mmoja wa makamo aliyekaa juu ya mkeka na vifaa vyake. Kibao kilisema kwamba mgeni anaweza kuchorwa hina mkononi au mguuni kwa bei ambayo hatutaitaja, maana huku kwetu kwa pesa hizo hupambwa bibi harusi pamoja na mashoga zake. Katika chumba cha wafanyakazi, karatasi ya masharti ilibandikwa ukutani. Tuliisoma yote. Kucha ziwe fupi, marashi yasiwe makali, viatu vifungwe, na kisha: michoro ya mikononi, ikiwemo hina, hairuhusiwi kwa wanaowahudumia wageni. Binti akitoka harusini kwa dada yake hukaa nyuma mpaka hina ifutike. Tulimuuliza msimamizi sababu. Akasema, bila ubaya wowote, kwamba inaonekana kama uchafu.

Mwisho wa kaskazini wa barabara ile, pale Mto Mwachema unapoingia baharini, upo msikiti wa kale wa Kongo, wa mawe ya matumbawe, umezungukwa na mibuyu mikubwa. Tulifika hapo kuswali Alasiri. Ni mahali pa utulivu, na ukikaa kivulini husikii ila mawimbi. Ndipo alipotukuta binti wa jirani yetu wa zamani aliyeolewa Bongwe. Yeye yumo katika kazi hizi kwa miaka minne sasa, na alitusimulia jinsi watu wanavyochaguliwa. Tunayaandika aliyosema kwa idhini yake, bila jina lake.

Uchaguzi, alisema, huanza getini. Siku ya mahojiano watu hupanga foleni kwenye mlango wa nyuma, pengine watu mia kwa nafasi tatu, na mlinzi ndiye msaili wa kwanza. Hutazama viatu. Hutazama urefu. Aliyevaa buibui huulizwa, "Wewe ni wa usafi?" kabla hajafungua mdomo. Ukifika ndani, karatasi zako huwa mezani, lakini macho hayako kwenye karatasi. Unaambiwa usimame, utembee mpaka dirishani, urudi. Unaambiwa ucheke. Kisha unaambiwa kwa Kiingereza ujieleze.

Hapo kwenye kujieleza ndipo tulipokaa naye kwa muda mrefu, maana hapo ndipo watoto wetu wengi huanguka, na huanguka kwa sababu ya malezi mema tuliyowapa sisi wenyewe. Binti wa pwani hufundishwa asijisifu. Anayejisifu huambiwa anajitia. Hufundishwa asimkazie macho mtu mzima, hasa mwanamume asiye mahram wake. Hufundishwa asikimbilie kusema kabla ya mkubwa. Hunyoosha kifua chake kwa mkono badala ya kumpa mkono mwanamume. Katika chumba kile kila kimoja cha hivi husomwa kinyume. Macho yakiinama, hana ujasiri. Akijieleza kwa maneno machache, hana la kusema. Mkono ukiwekwa kifuani, ana kiburi, ama atawaudhi wageni. Na cha ajabu ni kwamba mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia na watu wakakatazwa kupeana mikono, salamu hiyo hiyo ya mkono kifuani ndiyo waliyofundishwa wafanyakazi wote, na ikasifiwa kuwa ya heshima.

Tukamuuliza kuhusu lugha. Akacheka. Wasaili, alisema, hawaulizi kama unajua Kiingereza. Wanasikiliza Kiingereza chako kimetokea wapi. Kipo Kiingereza cha shule za bei ghali za Nairobi, na hicho hufungua milango. Vipo vingine vyote. Kiingereza cha mtu aliyesoma shule ya kijijini Kwale hujulikana kwa neno la kwanza, hata kama sarufi yake ni safi. Na hapa tuna la kuongeza kwa fahari kidogo. Mtoto aliyelelewa na thumuni, thelathini, dhahabu na dhiki, na aliyesoma Kurani akajua kuitenga tha na dhali, ana ndimi mbili ambazo Kiingereza huzihitaji kila sentensi, na ambazo ndugu zetu wengi wa bara huzitafuta kwa shida. Lakini hatujasikia mtu aliyepewa kazi kwa sababu hiyo.

Kule Malindi na Watamu mambo yana sura nyingine. Waitaliano wamekuwako tangu miaka ya sitini, kilipojengwa kituo cha kurushia roketi huko Ngomeni, na leo vijana wa ufukweni, wengine wasiomaliza darasa la nane, husema Kitaliano kwa ufasaha ambao chuo hakiwezi kuutoa kwa miaka mitatu. Wamejifunza kwa kuuza vinyago na kuwaongoza wageni kwenye mawe ya bahari. Kijana wa namna hiyo akienda kuomba kazi ya mapokezi katika hoteli iliyojaa Waitaliano, huhojiwa kwa Kiingereza na kurudishwa ufukweni. Huko nje anaitwa msumbufu wa watalii.

Tusiwe wasimulizi wa upande mmoja. Msimamizi mmoja wa mapokezi, mama mwenye umri kama wetu, alikaa nasi na kutueleza kwa uwazi. Mgeni, alisema, amelipa pesa nyingi ili kila kitu anachokiona kimtulize. Uso wa kwanza ni sehemu ya bidhaa. Yeye mwenyewe, alipoanza kazi, aliambiwa apunguze uzito na abadilishe jina lake liwe rahisi kutamkwa. Akabadilisha. Alituambia hayo kana kwamba anatusimulia habari ya mvua. Tulimuuliza kama mgeni yeyote amewahi kulalamika kuhusu mtandio wa mfanyakazi. Alifikiri sana. Akasema hakumbuki, ila wakubwa wanaamini hivyo.

Basi hoja nzima inasimama juu ya wageni ambao hakuna aliyewauliza. Wale wageni tuliowakuta sisi ufukweni, wanawake wawili wazee wa Kijerumani, walitusimamisha watufunze leso hufungwaje, na tukachelewa kwa robo saa.

Wala jambo hili si la Diani peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Glasgow, Uskochi, akina Chris Warhurst na Dennis Nickson, walichunguza hoteli, baa na maduka ya mji wao wakakuta kwamba waajiri walikuwa wakitafuta sura na sauti kuliko ujuzi. Ujuzi, walisema waajiri, tutawafundisha wenyewe. Waliokosa ni watoto wa mitaa ya kimaskini, Waskoti weupe kwa Waskoti weupe, kwa sababu ya lafudhi na namna ya kuvaa. Tukikumbuka hilo tutaacha kudhani kwamba kila anayekataliwa amekataliwa kwa dini yake. Mara nyingine ni dini, mara nyingine ni ukoo au kabila, na mara nyingi ni umaskini, unaotambuliwa kwa viatu na kwa irabu.

Wenzetu waliopita Maskati kuwazuru jamaa wanajua kwamba inawezekana kuwa vingine. Serikali ya Omani ilianza mwaka 1988 sera ya kuwapa wananchi wake nafasi za kazi, na leo katika hoteli za fahari za mji ule unaweza kupokewa na kijana mwenye dishdasha na kuma iliyofumwa kwa mkono, au binti aliyejitanda shela yake, na hakuna aonaye kwamba fahari ya hoteli imepungua. Tofauti ni kwamba pale nguo ni ya mwenye kazi. Anarudi nayo nyumbani.

Na sheria yetu haiko kimya. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi, na katika orodha yake ya sababu zilizokatazwa yamo maneno ambayo kila mama mwenye binti anayetafuta kazi anapaswa kuyajua: dini, utamaduni, mavazi, lugha. Ibara ya 32 inaongeza kwamba mtu asinyimwe ajira kwa sababu ya imani yake. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kubagua hata kabla hajaajiri, yaani katika kuchagua wafanyakazi, na inamtwika yeye mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Lakini kifungu hicho hicho kina mwanya: si ubaguzi kumchagua au kumwacha mtu kwa sifa ambayo kazi yenyewe inaidai. Hapo ndipo neno muonekano linapojificha. Mwajiri husema sura ni sifa ya kazi, na kwa kuwa aliyekataliwa hapewi sababu kwa maandishi, hakuna cha kupeleka kwa wakili. Ndiyo maana tunawasihi mabinti waombe jibu kwa barua au kwa ujumbe, na waweke tarehe na majina ya waliowahoji. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko Mombasa, wala si mbali.

Tukiwa pale Kongo, mkubwa wetu kwa umri alisema jambo ambalo wengine walilikwepa siku nzima. Hoteli hizi, alisema, si wao tu waliotufungia. Na sisi tulifunga kwa ndani. Chuo cha Utalii kilipofunguliwa Nairobi mwaka 1975, ni nyumba ngapi za Mji wa Kale zilizompeleka mtoto? Pombe, kazi za usiku, wageni nusu uchi. Wazazi walikataa, na sababu zao zilikuwa za kweli. Hukumu ya kumwaga kileo na mipaka yake tunawaachia masheikh, nao wamelizungumza sana. Ila hoteli si baa peke yake. Ina uhasibu, ununuzi, uhandisi, jiko, bustani, ofisi ya kupokea maombi ya vyumba, na kiti cha meneja. Waliokubali kwenda mapema ndio waliokaa katika kiti hicho, na wao ndio wanaoamua leo sura ya pwani ifanane na nini. Tulinyamaza. Hakuna aliyembishia, ingawa wawili kati yetu hawakukubaliana naye, na njiani waliyasema.

Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba kwenye mlango wa kila msikiti palikuwa na kisima na chombo cha kutekea maji, na mwenye kuingia huosha miguu kwanza. Aliwasifu watu wa mji kwa wema na uchaji. Mbele yake, kule Mogadishu, alipokewa na kadhi, akapewa tambuu, chakula na nguo, kwa ada iliyokuwa ya kila mgeni mwenye elimu. Kazi ya kupokea wageni katika pwani hii ina umri wa karne nyingi, na waliokuwa wakiifanya walikuwa na mavazi haya haya na salamu hizi hizi.

Yule binti wa Bongwe anafanya kazi katika ofisi ya kupokea maombi ya vyumba, chumba kisicho na dirisha nyuma ya mapokezi. Aliomba mapokezi mara mbili, akaambiwa avue mtandio, akasema samahani, hatavua, ila yuko tayari kuuvaa wa rangi ya sare. Wakampeleka kwenye simu. Humo anasema Kiingereza, Kijerumani alichojifundisha jioni kwa miaka miwili, na Kiswahili. Wageni wanaofika huuliza mezani yuko wapi yule bibi mwenye sauti nzuri aliyewaelekeza vizuri hivyo, nao huambiwa kwamba yuko likizo. Alitusimulia hilo huku akila mahamri tuliyombebea.

Juzi ametuma ujumbe kwamba nafasi ya mapokezi imetangazwa tena. Barua ameshaipeleka, na safari hii ameambatanisha kipande cha kitambaa cha rangi ya sare. Bado hajaitwa.